Nimezama, Sikulowa

Mdogo wangu Muhidini alifanya kazi kwenye injini za meli miaka ishirini na minane. Alipostaafu akarudi hapa Mikindani, akaandika kitabu cha vita vya nyambizi, zile meli zinazokwenda chini ya maji. Akawagawia majirani. Basi kila aliyemaliza kukisoma akaja kwangu. Si kwake, kwangu! Nimekaa barazani nabangua korosho zangu, mtu anavua viatu, anaketi, anaguna.

Wa kwanza alikuwa Asia, mzaliwa wa Msimbati.

"Bi Mwanakombo, nduguyo kaificha nyambizi kwenye mlango wa mto Ruvuma."

"Nimeona, mama."

"Maji yakipwa mimi pale naokota chaza, kanga hailowi. Nyambizi ina watu sitini! Ilijificha wapi, mgongoni kwangu?"

Nilicheka mpaka korosho ikanidondoka. Alipoondoka sikuwa na kicheko tena.

Akaja Mwalimu Abdulmalik, kitabu kimejaa wino mwekundu.

"Msaliti nimemjua ukurasa wa kumi na mbili," akasema. "Ana kovu, anacheka peke yake, kaficha simu kwenye buti. Nikasoma kurasa mia mbili nikimngoja nahodha naye amjue."

"Muhidini mwenyewe umemwambia?"

"Nimemwambia hongera. Dada yake si wewe?"

Hongera. Wote walimpa hongera, kisha wakaja kuutua mzigo barazani kwangu. Mwezi mzima. Mgongo unaniuma kwa korosho, na moyo nao umechoka kubeba maneno ya watu.

Yeye Muhidini akaziamini hongera zile. Akaandika cha pili, bunda la karatasi limefungwa kwa kitambaa, na Ijumaa lilikuwa lipelekwe Dar kuchapwa. Ningenyamaza, lakini kuna hili la macho. Jicho lake la kushoto lilishafunga kazi, na la kulia daktari kamwambia alitumie kidogokidogo. Hicho cha pili kakiandika kwa jicho moja. Na cha tatu alishakianza kichwani.

Alhamisi baada ya alasiri akaja na bunda lake kwapani.

"Dada, shikamoo. Nangoja neno lako tu. Ukisema liende, linakwenda."

Nilikuwa nimechoka, sikuwa na maneno ya kuzungusha. Tangu utotoni, jambo likiwa zito nilikuwa namtegea.

"Kitendawili."

Akacheka. "Dada na uzee huu? Haya, tega."

"Nimezama hadi chini, sikulowa."

"Nyambizi!"

"Siyo."

"Jiwe la nanga."

"Jiwe linalowa, Muhidini."

Akafikiri. Akataja kivuli, akataja mwezi majini. Nikatikisa kichwa, nikaendelea kubangua.

"Umenishinda," akasema.

"Basi nipe mji."

"Nimekupa Mikindani."

"Mikindani nimo. Nipe mwingine."

"Chukua Nanyamba na mikorosho yake yote."

"Nimekwenda Nanyamba, nimepokelewa vizuri, nimekula nimeshiba. Nikarudi na jibu." Hapo nikaweka kisu chini. "Ni mimi, niliyesoma kitabu chako."

Akalitoa bunda kwapani, akaliweka magotini. Mbuzi wa jirani akala maganda ya muhogo akayamaliza.

"Na wengine?" akauliza.

"Na wengine."

"Walinipa hongera."

"Wanakupenda. Mimi nalipenda na hilo jicho lako lililobaki."

Akainamisha kichwa. "Hata ukurasa mmoja, dada?"

"Mmoja upo. Pale mpishi anapochemsha ming'oko, viazi pori vya kwetu, huko chini ya bahari, harufu ikawafikia mabaharia, kila mtu akaacha kazi akamkumbuka mama yake. Asia kausoma mara tatu, ingawa hakutaka kukiri. Pale nililowa."

Akaninyanyulia jicho lile moja. "Mathayo yule? Mathayo si wa kutunga. Mtu wa Newala, tulikuwa naye melini. Alikuwa anatuchemshia kweli, na ming'oko yake ya kwenye kiroba. Nilimtia ili ukurasa ujae tu."

"Ndiyo nakwambia."

Akalisukuma bunda hadi kwenye jiko langu pale barazani. "Washia moto."

"Nawashia maganda ya korosho, yana mafuta yake, hayataki karatasi. Umeandika pande zote?"

"Upande mmoja."

"Basi geuza, uniandikie Mathayo, kidogokidogo."

Nilidhani ataondoka kwa hasira, na sikuwa na nguvu za kumfuata. Akafungua kitambaa taratibu, akageuza karatasi ya juu, akaomba kalamu. Sina kalamu mimi, nikamtuma kwa Mwalimu akaazime ile nyekundu.

"Nikimaliza nikuletee?" akauliza akivaa viatu.

"Niletee. Ila msimu wa korosho upite kwanza, Muhidini. Nimechoka."