Mbuzi Aliyechinjwa Mapema

Meli ilikuwa imeshang'oa nanga, na Ambrosi na mkewe wamekuwa vitone viwili ukingoni mwake, wakipunga kanga moja baina yao. Felisita alipunga mpaka bega likamuuma. Mumewe, Danstani, hakupunga. Alisimama mikono nyuma kama mtu aliyekuja kuangalia bei ya viazi.

"Wamekwenda," akasema. "Tanga hiyo. Kazi ya mkonge, na Wakristo wenzao mpaka mlangoni."

Felisita alijua maneno hayo yanakoelekea. Danstani alizaliwa Masasi, akavuka kufuata kazi ya useremala, akaoa Unguja, akakaa. Ambrosi naye alikuwa wa Masasi. Kila magharibi wawili hao walikaa kwenye baraza ya Mkunazini wakizungumza Kimakua, wakicheka hata chai ikapoa. Sasa baraza ile ilikuwa na mtu mmoja.

Walipofika nyumbani Danstani akayatoa. "Mama Yusta, na sisi twende. Hapa tumebaki na nani?"

"Mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu yupo Mbweni, kaburini. Nikuulize wewe: nani kakufukuza?"

"Hajanifukuza mtu. Krismasi hii tutakula na nani? Na paka?"

"Tutakula na watu."

"Watu gani?"

Hapo Felisita akaweka mikono kiunoni. "Haya. Uani ukijaa siku ya Krismasi, tunabaki, na habari ya Tanga sitaki kuisikia tena. Usipojaa, nnafunga virago mwenyewe na mdomo wangu nnaufunga pamoja navyo."

"Nimekubali," akasema Danstani, na akakubali upesi kuliko alivyopenda mkewe.

Watu aliowategemea Felisita walikuwa Pandu na Kazija wa nyumba ya pili. Pandu, Mmakunduchi muuza pweza, alikuwa na watoto wa kujaza mikeka peke yao. Ilikuwa desturi ya miaka: asubuhi ya Krismasi Pandu huja na kisu chake, anamchinja mbuzi kwa jina la Mungu kama dini yake inavyotaka, na mchana wote wanakula sahani moja bila mtu kuuliza. Na Idi ikifika, sinia la kwanza kutoka kwa Kazija lilikuwa la Felisita.

Alfajiri ya Krismasi Felisita alikwenda kanisani na watoto. Danstani alishasali misa ya usiku, akabaki. Baada ya misa Felisita akawaona vijana watatu wamekaa kwenye ngazi za kanisa, mashati yamepigwa pasi vizuri, viatu vina udongo mwekundu wa shamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmetoka wapi?"

"Kizimbani, mama. Tunafanya kazi shamba la serikali. Tumetembea."

"Na kula mtakula wapi leo?"

Wakatazamana. "Tutaona, mama," akasema mrefu wao, na lafudhi ya hiyo "tutaona" ilikuwa ya Danstani mtupu. Felisita akatia akilini, akaenda zake, maana mchele ulikuwa unamngoja.

Alipofungua mlango wa uani, mbuzi alikuwa ananing'inia kwenye mti wa mpera, ameshachunwa. Danstani alikuwa ananawa, uso umejaa furaha.

"Nshamaliza! Nimesema Mama Yusta asije akahangaika. Ini hili hapa."

 Felisita akakaa juu ya kinu.

"Kuna nini?"

"Kachinja nani, Baba Yusta?"

"Mimi. Nani mwengine? Ambrosi hayu..." Akakumbuka. Ambrosi ndiye aliyekuwa akienda kumwita Pandu, kila mwaka. Danstani kazi yake ilikuwa kushika miguu. "Lahaula," akasema, neno ambalo alilipata kwa majirani.

"Umefanya kusudi. Unataka Tanga."

"Haki ya Mungu, nimesahau."

Felisita alimtazama. Maji yalikuwa yanamchuruzika mikononi, na kichwa kakiinamisha kama mtoto. Akajua ni kweli kasahau. Lakini uani mtupu ni mtupu tu, ukiwa wa kusudi au wa kusahau.

Wakati huo huo Pandu akapiga hodi. Alikuwa na kanzu safi, kofia ya kiua, na kisu kimefungwa kitambaa. Nyuma yake Kazija na watoto, na kapu la matunda ya shokishoki. Pandu akamtazama mbuzi juu, akamtazama Danstani chini.

"Huyu kajinyonga?"



"Nimemchinja mimi, jirani," akasema Danstani. "Unisamehe. Ujinga."

Pandu akajikuna ndevu. "Wako wanavyuoni watakaosema analika, wako watakaosema haliki. Mimi sina chuo. Mke wangu hali, na mimi nnakula anachokula mke wangu, maana ndiye anayepika siku nyengine zote."

Kazija akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akamshika Felisita mkono, akamnyanyua kutoka kwenye kinu.

"Shoga, unalia kwa mbuzi? Mchele umeutia motoni?"

"Bado. Sijautia."

"Basi mchele mzima. Pale naona majogoo wawili. Na huyu bwana anaye pweza wa kuuza jioni, leo hauzwi. Ntaleta masufuria yangu. Yako uyapikie mbuzi wako, usinichanganyie."

"Na mbuzi ataliwa na nani? Sisi peke yetu?"

Hapo Felisita akakumbuka ngazi za kanisa. Akamgeukia mumewe. "Kimbia kanisani. Kuna vijana watatu wenye njaa. Mmoja anasema kama wewe."

Danstani alikimbia na matone ya damu kwenye suruali. Pandu akapata kazi ya kisu chake kwa majogoo. Meko mawili yakakokwa uani, la Kazija huku, la Felisita kule, na wanawake wawili wakarushiana chumvi na matusi ya upendo. "Nazi yako maji matupu, shoga." "Yako imekunwa na vidole?" Harufu ya pweza wa nazi ikavuka ukuta, na Bi Sichana wa ghorofani akateremka kuuliza kwani kuna arusi.

"Ipo," akasema Pandu. "Kaa."

Kisha, kabla hawajawaona, wakawasikia. Kicheko cha Danstani kilikuja kutoka kichochoroni, na maneno ya Kimakua yanagombania kutoka. Yule kijana mrefu, Silvesta, alikuwa mtoto wa kijiji cha pili na cha Danstani. Alimjua hata mbwa wa mjomba wake Danstani.

Mikeka ilitandikwa mpaka ikagusana. Upande huu pilau ya jogoo na pweza, upande ule mbuzi. Katikati shokishoki, za wote. Vijana wa Kizimbani walikula kama watu waliotembea, na kweli walitembea. Halafu wakaimba, Pandu akapiga sinia, na Bi Sichana, mtu mzima yule, akacheza.

Felisita alitafuta pa kukaa, hakupata. Akala amesimama.

"Baba Yusta," akaita kutoka mlangoni. "Unaonaje, pamejaa?"

"Nipishe, mama," akasema Danstani. "Nnazungumza na watu."

Hawakuhama. Silvesta alikuja kila Jumapili mpaka mkataba wake ulipokwisha, akarudi Masasi, akaoa. Wenzake wawili walipata kazi ya bandari Dar es Salaam. Ambrosi alikufa Tanga kwa homa. Mkewe alirudi Unguja, akakaa kwa Felisita. Pandu na Kazija walipewa nyumba Michenzani, ghorofa ya nne, na Kazija alizilalamikia ngazi mpaka mwisho wake. Danstani alizikwa Mbweni, karibu na mama mkwe wake. Felisita aliishi kuliko wote. Mbuzi wake wa kila Krismasi alichinjwa na Pandu, na baada ya Pandu, na mwanawe Makungu.