Boga Lililopewa Ruhusa ya Kuvuka

Baada ya mvua ya pili ya Novemba 1937, Mama Chola wa nyumba ya pembeni alileta mbegu sita za boga ndani ya kikopo cha tumbako, akaziweka juu ya kizingiti cha Agnès. Mbegu zilitoka Kipushi, kwa dada yake. Katika barabara ile ya cité Albert, mtaa wa watu weusi, mbegu haikuuzwa. Mwenye nayo alitoa, aliyepewa alimrudishia majani ya kwanza, na jirani aliyeleta mbolea alikuwa na haki ya kuchuma majani mawili matatu bila kupiga hodi. Nani aliyeanzisha utaratibu huo, hakuna aliyekumbuka.

"Panda mbali na ukuta," Mama Chola akasema. "Boga ya Kipushi inapenda kutembea. Na usikate ncha yake."

"Aksanti, mama. Majani ya kwanza njo yako."

"Sawa. Na mutoto, amepata jina?"

"Bado."

Mtoto alikuwa na miezi miwili. Katika ukoo wa Anaclet, mume wa Agnès, jina la mtoto hutoka kinywani mwa baba yake mwenyewe. Haliandikwi kwenye barua, wala halitumwi kwa mtu. Na Anaclet alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja ng'ambo ya uwanja, akilala katika chumba nyuma ya jiko. Ili atoke alihitaji karatasi yenye saini ya bwana wake. Bwana alikuwa na wageni kutoka Ulaya, akasema atasaini watakapoondoka. Wageni hawakuwa na haraka, maana Anaclet alijua kupika.

Uwanja wenyewe ulikuwa mwendo wa dakika kumi, nyasi tupu kati ya cité na mji wa wazungu. Mtu mweusi hakuuvuka bila karatasi. Wakubwa waliuacha wazi ili mbu waliowauma watu weusi wachoke njiani kabla ya kuwafikia weupe. Mbu hawakuwa wameelezwa.

Mbegu tano ziliota kama maboga yote, na mbuzi wakazimaliza mapema. Ya sita ilitoka nje ya ua katika wiki ya tatu, ikageukia mji. Jioni Agnès aliiacha kwenye mtaro, asubuhi akaikuta hatua kumi mbele. Karibu na Noeli ikafika ukingoni mwa uwanja, na hapo polisi Mwape akaisimamisha kwa kiatu. Mmea ukasimama. Mwape hakuwa mtu mbaya. Alikwenda mwenyewe mpaka kwa Agnès.

"Mama, boga yako inataka kuvuka. Haina mukanda, karatasi ya ruhusa."

"Nisamehe, sikujua," Agnès akasema. Akambeba mtoto mgongoni, akaenda ofisini.

Karani Godefroid alichukua fomu, akachovya kalamu. Jina: Boga. Asili: Kipushi. Kazi: kutambaa. Muda: mpaka mwisho wa mvua. Akaipeleka chumba cha ndani. Bwana mkubwa aliisoma yote, akasema boga haliambukizi malaria, akasaini.

"Na mimi?" Agnès akauliza. Ilikuwa mara ya tatu kuuliza tangu ajifungue.

"Weye ni muntu, mama. Kwa bantu tunaomba sinyatire ya patron, ule muzungu wa bwana yako." Godefroid alikuwa anautazama muhuri wake, hakumtazama yeye. Aliona haya, na haya yake haikumsaidia mtu.

Basi barabara nzima ikaushika mmea ule kama mgonjwa wao. Huyu alileta jivu la kufukuza wadudu, yule samadi ya mbuzi, wa tatu maji ya kuoshea mchele. Ushauri nao haukuisha, mwingine wa maana, mwingine wa kujaza kinywa tu. Mwape aliitia ile ruhusa ndani ya chupa isilowe, akaichomeka juu ya kijiti ukingoni, na kila mbuzi aliyesogea alimkuta hapo na fimbo.

Mwisho wa Januari mmea uliingia uani kwa yule mzungu. Anaclet alikuwa anamwaga maganda ya vitunguu. Akaona jani lenye madoa meupe, akalijua la Kipushi, na shina alipolifuata kwa macho akaona limetokea upande wa kwao. Akachuchumaa, akalisalimia kama unavyomsalimia mtu wa nyumbani, akaliuliza habari za huko. Kisha akarudi jikoni, maana sufuria ilikuwa inachemka.

Siku hiyo hiyo Victorine, jirani aliyeleta samadi, alichuma majani yake matatu kwa haki yake. Akayapika kwa karanga. Bukari, ule ugali wao, ikawekwa mezani, watu wakanawa mikono. Alipofunua chungu, chungu kikasema kwa sauti ya Anaclet: "Yambo, Agnès. Uko muzima? Mutoto analala muzuri?"

Victorine akafunika.

"Leta mboga," mumewe akasema.

"Hii hapana yetu. Kula na chumvi."

Akakibeba chungu mpaka kwa Agnès, joto likimchoma vidole. "Dada, nisamehe. Nilichuma mboga, kumbe nimechuma salamu yako."

Agnès alifunua akasikiliza, akafunika, akafunua tena, mpaka chungu kikapoa na maneno yakaisha. Alilia, na akafurahi. Halafu wale wawili wakakila chakula chote, kwa sababu mboga haitupwi.

Mama Chola alipoelezwa hakuona ajabu. "Shina ya boga iko na tundu ndani. Kila siku batoto banapuliza sawa tarumbeta. Sauti inapita mule, shida iko wapi? Lakini ukichuma jani, unamukata katikati ya maneno. Muachie maua. Ua njo mudomo yake."

Toka siku hiyo hakuna aliyechuma. Na jamani, Februari ni mwezi wa ghala tupu, mahindi bado machanga, na majani ya boga ndiyo kitoweo cha watu wengi. Victorine alipitisha kikapu kitupu mbele ya majani mapana kama sahani, akaenda kutafuta lengalenga, mchicha wa porini, mbali. Mama Chola aliyasamehe hata majani yake ya kwanza. "Nitayakula mwaka mwingine," akasema. "Meno ingali iko."

Ua la boga hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya jua kali. Jumapili ya pili ya Februari moja lilifunguka karibu na mlango wa Agnès, na lingine kule nyuma ya jiko la mzungu. Akapiga magoti, mtoto mapajani.

"Anaclet. Ni mutoto mwanamuke. Masikio ni yako, mubaya na kubwa."

Akasubiri. Sauti ilikuwa na uwanja mzima wa kupita. Mtoto akachezea kidole chake. Barabarani wanawake walitega masikio, hata wale wasemaji wakubwa.

"Muweke sikio hapa," ua likasema.

Agnès akamweka.

"Honorine," Anaclet akasema. "Jina ya mama yangu. Honorine. Honorine."

Mtoto akapiga chafya kwa ile poda ya njano, na huo ukachukuliwa kuwa mwitikio wake. Vigelegele vikapasuka barabara nzima. Agnès akatoka, akawashukuru mmoja mmoja kwa majina, wa jivu, wa samadi, wa maji ya mchele, na Mwape aliyekuwa kwenye zamu. Mwisho akamshika Mama Chola mikono yote miwili. "Acha," Mama Chola akamwambia. "Ilikuwa mbegu sita tu."

Mvua ziliisha Aprili, na mmea ukakauka kama ilivyoandikwa kwenye ruhusa. Agnès akairudisha karatasi. Godefroid alifungua daftari: boga halikufanya kosa lolote, kwa hiyo limeongezewa mwaka wa pili bila kuomba. Kuhusu Agnès, saini bado. Agnès akasema aksanti kwa ile ya boga, na ilitoka moyoni. Kwa ile ya saini alimfunga mtoto mgongoni, akatoka.

Mbegu zilikaushwa juu ya bati, zikagawiwa. Za kwanza zilikwenda kwa Mama Chola, ndani ya kikopo kile kile. Wageni wa yule mzungu waliondoka Agosti, na Septemba wakaja wengine.

Novemba Agnès alichimba mahali pale pale, mbali na ukuta. Honorine alikuwa ameanza kutembea. Alimtazama mama yake akifukia mbegu, akasogea akiyumba, akalala kifudifudi, akaweka sikio juu ya udongo.

"Bado, mama," Agnès akamwambia, akimfuta tope shavuni. "Papa atasema mwezi ya kwanza."