Mkono wa Gauni

Fundi cherehani alikuwa ameshasema mara tatu kwamba binti yake ameanguka kitandani, na kila akisema, kitanda kilizidi kwenda juu. Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imeishia hapa, kwenye chumba cha daktari wa mifupa, mlango umefungwa, picha ya mkono uliovunjika inang'aa ukutani.

Mkono aliuvunja yeye baba mwenyewe, asubuhi hiyo hiyo, akimvalisha gauni alilolishona kwa mapenzi yote na kulibana mkono kidogo ili lipendeze. Alivuta tu. Kitu kikalia kama njiti ya kibiriti inayovunjika.

Nani angemwamini? Hii ilikuwa mara ya nne mtoto kuvunjika. Mara ya tatu mtu wa ustawi wa jamii alifika nyumbani, akakagua mpaka mikanda yake ya suruali, akaahidi kwamba ikitokea tena mtoto atalelewa kwingine. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Daktari, mama mnene asiye na haraka, alimfunua mtoto jicho.

"Weupe wa macho yake una rangi ya buluu. Baba, nisikilize. Kama kweli ameanguka, namfunga plasta, mnarudi nyumbani leo. Ila kama mfupa umevunjika bila kishindo, basi mifupa yake ni dhaifu tangu kuzaliwa. Plasta peke yake itakuwa kazi bure, utavunjika tena palepale. Itabidi nimpasue, niunyooshe, nitie chuma ndani kiushikilie. Haya, aliangukaje?"

"Nilianguka puu!" akadakia binti, miaka saba, mdomo haujui kupumzika. Walikuwa wamefanya mazoezi njiani.

Fundi alimtazama. Akisema, atampoteza. Akinyamaza, mtoto atavunjika tena. Alimpenda mtoto huyu hadi akaogopa kumshika.

"Hakuanguka," alisema. "Nilikuwa namvalisha. Ni mimi."

Daktari aliandika kwa muda mrefu, kisha akainua simu. Aliwaita watu wa chumba cha upasuaji, halafu wa ustawi wa jamii.

"Lazima niwaite, baba. Nitawaeleza nilichokiona, ila wao ndio wenye neno la mwisho. Mpaka wamalize, huingii wodini."

Kitanda cha magurudumu kilipoanza kuondoka, binti alinyanyua kichwa.

"Dokta, usimsikilize baba, mwongo huyo! Mimi nilianguka! Nilianguka!"

Aliutetea uongo wao korido nzima, mpaka mlango ukafungwa.