Sahani ya Rafu ya Juu

Mama Taratibu alipewa jina hilo kwa sababu ya mikono yake. Ulimi wake haukuhusika. Mikono ilifuta vumbi kwenye kioo chenye ufa bila ufa wenyewe kushtuka, lakini ulimi ulichana watu, na aliyechanwa zaidi ni wifi yake, mke wa mdogo wake wa mwisho.

"Vua pete. Kausha mikono. Na ukishika kitu usiwe unawaza mambo ya kwako," alimwambia siku ya kwanza. "Ingawa kwako hakuna. Unakaa kwangu."

Wifi alicheka, maana angefanyaje? Ni kweli walikaa kwake: yeye, mume asiye na kazi, na binti yao mdogo aliyelala kitanda kimoja na shangazi yake. Sasa wifi alikuwa kwenye majaribio katika jumba la kale lililogeuzwa makumbusho, alikofanya kazi Mama Taratibu, na akiajiriwa wangehamia chumba cha kupanga upande wa pili wa mji. Mtoto angekwenda nao. Mama Taratibu, aliyeolewa akaachika bila kujaliwa mtoto, aliliwaza jambo hilo mpaka chakula kikamshinda kumeza. Alimchukia wifi yake kwa hilo, tena chuki ya waziwazi, isiyo na haya.

Kazi ilikuwa na sheria moja kubwa. Kitu hakitoki mkononi mwa mtu bila maneno. Anayetoa anauliza, "Unayo?" Anayepokea, akishakikamata vizuri kwa chini na ubavuni, anajibu, "Ninayo." Hapo ndipo mtoaji anaachia. Iwe kiti, iwe taa, neno ni hilo hilo.

"Kiti si ningesema ninacho?" wifi aliuliza.

"Sarufi haijawahi kushusha kabati ngazini. Sema ninayo."

Wifi akajifunza, tena haraka kuliko ilivyotakiwa. Alisafisha nakshi za milango kwa brashi laini, akabeba vinyago kwa mikono miwili kama watoto wachanga, na hakuvunja hata kucha.

Paa la ukumbi lilipoanza kuvuja, ikabidi rafu za juu ziondolewe vitu. Mama Taratibu alipanda ngazi ya mbao. Wifi alisimama chini, kikapu kilichotandikwa blanketi kikiwa miguuni pake. Mhifadhi, mkuu wao wa kazi, alichungulia mlangoni.

"Mama, huyu wifi yako ametufaa. Kesho anaanza rasmi."

"Tumshukuru Mungu," alisema Mama Taratibu.

Akaichukua sahani kubwa ya kauri, kongwe kuliko vitu vyote ukumbini, akaishusha polepole.

"Unayo?"

Wakati huo huo mhifadhi, aliyekuwa akijipapasa mifuko, akauliza kutoka mlangoni, "Simu ya ofisi, unayo wewe?"

Wifi akamgeukia. "Ninayo!"

Viganja vyake vilikuwa wazi, havijaigusa sahani. Mama Taratibu aliviona. Aliuona hata mwanya uliobaki kati ya vidole na kauri, na akapata nafasi ya kutosha ya kufikiri. Akaachia.

Mlio ulijaza ukumbi.

"Amesema anayo," alisema kutoka juu ya ngazi. "Umemsikia mwenyewe."

Mhifadhi alikuwa amemsikia. Wifi aliambiwa akusanye vipande, hata vile vya unga, kisha avue aproni aende zake. Alikusanya huku akilia, na Mama Taratibu akamwonyesha alipoacha kipande.

Nyumbani, mdogo wake alimsubiri sebuleni.

"Dada, tumekuaibisha vya kutosha. Tunakwenda kwa wakwe zangu, nikalime. Basi linaondoka asubuhi."

"Mkae tu, mdogo wangu. Nani amewafukuza? Kule ni mbali mno!"

"Nimeshaamua, Dada."

Alimbembeleza, akafoka, akalia. Haikusaidia. Asubuhi alimkuta wifi chumbani akifunga begi.

"Niliyaona macho yako jana," wifi alisema bila kuinua kichwa. "Nilipogeuka, yalikuwa kwenye mikono yangu."

Mama Taratibu alishusha sauti. "Umemwambia mumeo?"

"Ya nini? Angekutetea. Nimemwambia mtoto."

Mtoto alikuwa mlangoni, amevalishwa viatu vya safari. Mama Taratibu alichuchumaa, akatandaza mikono.

"Njoo, mama. Njoo shangazi akubebe mpaka kituoni."

Mtoto alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Sitaki," alisema. "Utaniangusha."