Wino wa Kidole Kidogo

Mtaa mzima ulimwita Mama Matone, naye hakuchukia. Kila kampeni ya chanjo ya polio alibeba kisanduku chake cha barafu, akabisha hodi kila mlango na kuwabembeleza wabishi mpaka wakachoka wao.

"Wewe hata paka utamchanja!" walimtania.

"Mleteni," alijibu, "ila mumshike vizuri."

Mtoto alipata matone mawili mdomoni, kisha wino kwenye kidole kidogo, ili wachanjaji watakaopita baadaye wajue huyu tayari.

Kitinda mimba wake alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka kwa bibi yake, ambako chanjo zote zilimpita. Asubuhi ya kampeni alimng'ang'ania mama yake sketi, akililia wino ambao wenzake wangepakwa siku hiyo. Chanjo ilikuwa bado iko kituoni, na mama alishachelewa. Akatoa kalamu, akampaka. Kilio kikakatika, mtoto akacheka. Matone atapewa na wenzangu wakipita, mama alijiambia.

Wenzake wakapita. Wakaona kidole, wakamsifu mtoto, wakaenda zao. Jioni mama alirudi hoi, kisanduku kitupu, akamkuta mtoto amelala na kidole chake cheusi. Hakuuliza mtu. Akalala usingizi mnono, maskini ya Mungu.

Miezi ilipita, homa ikaja, na ilipoondoka iliondoka na mguu wa kulia.

"Huyu alichanjwa?" daktari aliuliza.

"Nilimpaka wino," alijibu, ndipo akasikia alichokisema. Alilia mbele za watu bila hata kujifunika uso.

Hakuna mtoto mwingine aliyeugua mtaani. Kinga ilikuwa imewaingia, na ni yeye aliyeipeleka mlango kwa mlango. Kila alipowasikia wakikimbizana nje alishukuru, na moyo ulimuuma vilevile.

Kampeni iliyofuata, alitoka kituoni na kisanduku moja kwa moja hadi nyumbani, kabla ya kubisha kwa yeyote. Akamdondoshea binti yake matone mawili. Mtoto akalamba midomo, akanyoosha kidole.

"Nipake, mama."

Mama akafungua kalamu. Mkono ukagoma.

Mtoto akamtazama usoni, akashangaa.

"Mbona unalia wewe? Leo mimi sijalia."