Kuponi Kumi na Saba za Ryvarsund

Kwa miaka thelathini na moja Tormod Eikje alitafuta karatasi moja tu. Nyingine zote alikuwa nazo. Alikuwa fundi wa miwani mjini Haugesund, na kila Jumamosi alipofunga duka aliingia kwenye madari ya watu na kupekua masanduku ya marehemu, akitafuta hati za hisa za meli. Hati moja aliikuta imebandikwa nyuma ya kioo cha dirisha kuzuia upepo.

Hati hizo zilitoka miaka ya vita vile vya kwanza vya dunia, Norwei ilipokuwa haiko upande wa Mjerumani wala wa Mwingereza. Waliokuwa wakipigana walihitaji makaa na nafaka, na asiyepigana ndiye aliyekuwa na meli za kuvibeba. Nauli zikapanda mpaka watu wakachanganyikiwa. Watumishi wa ndani walinunua hisa, wavuvi walinunua hisa, mchungaji alinunua hisa na kuombea meli yake madhabahuni. Meli ziliondoka bandarini zimechorwa bendera ubavuni, kubwa kama ukuta wa nyumba, ili nyambizi zione kwamba huyu si adui. Baadhi ya nyambizi hazikuona, au hazikujali.

Hati iliyomnyima Tormod usingizi ilikuwa ya meli Ryvarsund. Kampuni yake ilichapisha hisa mia mbili. Meli ilipozama mwezi Machi 1917, bima ililipa zaidi ya bei ya meli yenyewe, wenye hisa wakagawana, kisha hati zikakusanywa, zikatobolewa na kuchomwa moto. Daftari la kampuni lilisema zimechomwa mia moja tisini na tisa. Moja haikurudishwa.

Jumatatu moja ya Oktoba simu ya dukani ikalia.

"Wewe ndiye unayekusanya karatasi za meli?" Ilikuwa sauti ya bibi mzee.

"Ndimi."

"Mimi Gunnvor Kvalen, wa Skudeneshavn. Alhamisi wananipeleka nyumba ya wazee na chumba chenyewe ni kama kabati. Ninayo moja ya Ryvarsund. Usije kesho, kesho nasuka nywele. Njoo Jumatano."

Tormod aliweka simu chini, akamwuzia mteja miwani isiyo yake.

Jumatano alifika saa nne asubuhi kwenye kijumba cheupe cha mbao karibu na maji. Gunnvor alikuwa na miaka themanini na minane, mfupi, nywele zimesukwa na kuzungushwa kichwani. Mezani kulikuwa na kahawa na mkate wenye jibini ya kahawia. Tormod alivua viatu mlangoni, kisha akatoa glavu nyeupe za pamba mfukoni.

"Hizo nini tena?"

"Glavu, Bi Gunnvor. Nisije nikaichafua."

"Karatasi imelaliwa na bibi yangu miaka hamsini chini ya godoro, wewe unaogopa vidole? Nilidhani umekuja kunizalisha."

Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa, kisha akafungua bahasha ya khaki na kuisukuma mezani.

Tormod aliifungua taratibu. Juu ilikuwa picha ya meli ikitoa moshi, imezungukwa na kamba na nanga, na namba ya hisa kwa wino mwekundu: 143. Chini yake, imeshikana na hati, ilikuwa karatasi ya kuponi. Kila mwenye hisa alipewa kuponi ishirini, ndogo kama lebo ya kiberiti, na kila gawio lilipotangazwa alikata moja kwa mkasi, akaipeleka kwa keshia, akalipwa. Ndiyo maana hati zote za Tormod zilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. Hii ilikuwa na zote ishirini. Alizihesabu mara mbili.

Kisha akaona penseli.

Kila kuponi ilikuwa imeandikwa, herufi ndogo zilizosimama wima, za mtu aliyejifunza kuandika kwa shida na kwa hivyo hakuandika neno la bure. *Mikal Tveit, nahodha, 51. Berent Liknes, mpishi, 38. Sylfest Sandhåland, baharia, 22.* Tormod alisogeza kioo chake cha kukuzia kutoka jina hadi jina. *Enok Kvalen, mchochea moto, 30.* Kuponi kumi na saba zilikuwa na majina. Tatu za mwisho zilikuwa tupu.

"Enok ni babu yangu," alisema Gunnvor. "Mwandishi ni mkewe, bibi Andrea. Kunywa kahawa, inapoa."

"Kwa nini aliandika hapa?"

"Hakuwa na karatasi nyingine inayoruhusiwa kuingia." Bibi alikata kipande cha jibini, akakiweka kwenye mkate wa Tormod bila kuulizwa. "Meli ilipozama, wakubwa wakaitisha mkutano. Bibi akaenda na shali yake kichwani. Akasimama. Mwenyekiti akamwambia, mama, hapa wanaongea wenye hisa. Akasema, mimi mume wangu yumo kwenye meli hiyo. Akaambiwa, pole sana mama, lakini hapa wanaongea wenye hisa."

"Akafanyaje?"

"Akaenda kununua hisa."

Tormod alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Aliuza cherehani. Mshonaji, auze cherehani! Akauza na ng'ombe, na saa ya babu. Akapata moja kwa muuza duka aliyekuwa na haraka zake. Mkutano wa pili, siku ya kuamua fedha za bima, ukumbi umejaa, sigara mpaka darini, watu wanapeana mikono. Akainua hiyo karatasi juu. Akasema, hisa moja, naongea. Wangemfanya nini? Sheria yao wenyewe. Akaanza kusoma hapo uliposhika, juu kushoto, mpaka wa kumi na saba."

"Na wao?"

"Alisema hakuthubutu kuinua macho. Alisikia viti tu. Kiti kimoja kinasukumwa nyuma, halafu kingine, halafu viti, viti, viti. Alipomaliza hapakuwa na mtu aliyekaa."

Tormod alitazama zile herufi. Miaka thelathini na moja aliijua Ryvarsund kwa tani zake, kwa kiwanda kilichoiunda, kwa rangi ya bomba lake la moshi. Hakuwahi kujua mpishi wake aliitwa nani. Akavua glavu polepole, kama mtu anavyovua kofia.

"Na gawio lake? Hakwenda kulichukua?"

"Keshia alimwandikia barua tatu. Njoo na kuponi namba moja, mama. Namba moja ni nani hapo?"

"Nahodha Tveit."

"Sasa umkate nahodha umpeleke kwa keshia?" Gunnvor alitikisa kichwa. "Siku ile ukumbini aliwaambia, kila jina lina watu wake, liko kwangu, waje wakate wachukue. Hakuja hata mmoja. Unajua kwa nini? Hapa kwetu kukata kuponi ni kulipwa. Wajane wakadhani wakikata wamekula fedha ya meli, wamesema basi, yamekwisha. Bibi akapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Wakampa kahawa, wakakataa."

"Na yeye? Ya babu yako hakuikata?"

"Alisema Enok wa mwisho. Nikianza mimi, watasema nimekula. Akangoja mpaka akafa mwaka sitini na nane. Mama yangu akangoja. Na mimi nimengoja kama mjinga."

Tormod aliweka kioo chini. "Bi Gunnvor, Jumamosi kuna maonyesho Bergen. Wakusanyaji wa nchi nzima. Karatasi kamili kama hii hawajawahi kuiona. Niambie unataka kiasi gani."

"Fedha nitapeleka wapi, kwenye kabati? Ichukue bure. Ila ukate."

"Nikate?"

"Uwatafute watu wao. Kila mmoja akate chake. Ukimaliza kumi na sita, uniletee Enok." Alimtazama kwa macho ya buluu yaliyofifia. "Nakujua wewe kijana." Tormod alikuwa na miaka hamsini na minane. "Unaweza kuiweka kwenye plastiki ukasema kesho, kesho. Sitakuja kukukagua. Miguu yenyewe ndiyo hii."

Alirudi nyumbani na hati kifuani. Usiku na mchana wa kesho yake hakufanya lolote ila kuitazama. Alijiambia jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angejiambia: kwanza Bergen, halafu majina. Yamengoja miaka mia, yatangoja wiki. Na sauti nyingine ndani yake ilisema kwamba baada ya Bergen, karatasi ikishapata medali, hakuna mkono utakaothubutu kuigusa kwa mkasi, hata wake mwenyewe.

Ijumaa asubuhi aliketi kuandika maelezo ya kubandika chini yake. Wakusanyaji wana lugha yao, na vidole vyake viliijua bila kufikiri. *Ryvarsund, hisa namba 143. Ya pekee inayojulikana. Kuponi 20, zote zipo. Mikunjo miwili. Madoa ya penseli.*

Aliyasoma maneno hayo ya mwisho. Akayasoma tena. Akaona aibu iliyompanda mpaka masikioni, ingawa alikuwa peke yake chumbani. Aliichana ile karatasi ya maelezo, akatia hati kwenye bahasha yake ya khaki na kuchukua ufunguo wa gari.

Kumpata Sandhåland hakukuwa kazi. Huko jina la ukoo ni jina la shamba, na shamba halihami. Lilikuwa upande wa magharibi wa kisiwa cha Karmøy, na mwenyewe alikuwa ndani ya banda la vioo, akipunguza majani ya nyanya: mzee wa miaka sabini hivi, mpana, mikono ya kijani mpaka viwikoni. Hewa ya mle ndani ilikuwa nzito na ya joto, maji yakichuruzika kwenye vioo. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kupeleka karatasi ya mwaka 1916. Tormod aliingia nayo.

"Kama unauza kitu, sinunui," alisema yule mzee.

"Siuzi. Nimeleta kitu cha mtu wenu." Akaishika kwa mikono miwili na kumwonyesha mahali.

Mzee aliinama. Akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasoma. Akanyoosha mgongo.

"Nani amekupa jina langu?"

"Wewe ni Sylfest?"

"Tangu nizaliwe. Nimepewa la kaka yake babu, aliyezama." Aliinama tena. "Ishirini na miwili," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nyumbani walisema tu, alizama. Mimi siku zote namwona mzee mwenye ndevu. Alikuwa mtoto huyu. Mjukuu wangu ana umri huohuo."

Tormod alimweleza yote: shali, cherehani, viti. Maji yalidondoka begani mwake na hakujisogeza.

"Nikikata, nitakuwa nimepokea nini?" aliuliza Sylfest.

"Hakuna. Kampuni ilikufa zamani. Ni yeye tu."

Mzee aliangalia mkasi wake wa nyanya, akaufuta pande zote mbili kwenye suruali, akaufuta tena. Tormod aliinyoosha karatasi hewani. Alikuwa amejiandaa kuumia. Mkasi ukapita juu, ukapita ubavuni, bila haraka, na mahali palipokuwa na karatasi pakawa na mwanga wa mchana, wa umbo la lebo ya kiberiti. Hakuumia. Ilikuwa kana kwamba mtu mmoja amesukuma kiti chake nyuma na kusimama.

Sylfest alikibeba kile kipande kwenye kiganja chake cha kijani, akikikinga kwa mkono wa pili kana kwamba kuna upepo.

"Na huyu aliyekuwa jirani yake ni nani?"

"Mpishi. Berent Liknes."

"Liknes wa pale juu, penye kondoo? Hao wakali, hawatakufungulia mlango." Akaweka mkasi mfukoni. "Ngoja nivae koti."