Daftari la Pumzi za Fundi

Ilikuwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakigonga dirisha la wodi. Fundi cherehani alikaa ukingoni mwa kitanda, hajala tangu jana. Mkewe alisimama kando, daftari kwapani.

Miezi minne tangu apandikizwe pafu la kushoto, kila alfajiri fundi alipuliza kipimo cha pumzi na kuandika namba katika daftari hilo. Namba zote zilikuwa nzuri. Lakini mkewe, aliyezoea kulala akiegemeza sikio mgongoni pake, alisikia kitu kikipiga mluzi ndani, upande wa kushoto. Akamkokota hospitali.

Daktari aliingia na picha. "Tulipounga njia ya hewa na pafu jipya, kovu limevuta. Pamebaki upenyo wa mrija wa soda."

"Mshono umejikunja," alisema fundi. "Mnaufumua?" Alikwisha kuapa kwamba kifua chake hakitapasuliwa tena.

"Hatupasui, mzee wangu. Unalala kwa dawa, napita mdomoni na kamera nyembamba. Natia kiputo, nakijaza maji, kinapanua njia. Pakigoma, naacha kibomba cha kupashikilia."

"Kama kitambaa kigumu ndani ya kola. Hapo tumeelewana."

Daktari alifungua daftari, akakunja uso. "Kwa upenyo ule, namba hizi si zako."

Fundi alitazama kandambili zake. "Niliongeza kidogo. Kama ninavyoacha kitambaa cha ziada cha kushonea."

"Umeongeza pumzi?" aliuliza mkewe.

"Mwanzo kidogo tu. Zilivyopungua, nikazidisha. Sikutaka ukose usingizi, mama."

"Kwani nimelala? Miaka thelathini unanishonea magauni mapana kama mahema, nimenyamaza. Leo unajipimia pumzi usizokuwa nazo! Ungenifia na namba nzuri!"

Mkewe alitaka kumfinya. Badala yake alimfunga kifungo cha shati la hospitali alichokiruka.

Saa moja baadaye fundi alirudishwa wodini kwa kitanda cha magurudumu, sauti imemkauka. Mkewe alimgeuza ubavu, akaweka sikio.

"Unasikia nini?"

"Nyamaza, nisikie."

Hewa iliingia, ikatoka. Mluzi haukuwapo.

Daktari aliandika tarehe ya kumwangalia tena, wiki tatu mbele, kwa kuwa kovu la namna hiyo hupenda kurudi. Fundi alilala hadi saa nane, akikoroma. Mkewe alifungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika tarehe, kisha kalamu akaitia kwenye mkoba wake mwenyewe na kuufunga.